Mlo wa Msafiri Ujiji na Kigoma

Katika Kigoma na Ujiji, kama katika miji mingi ya Tanzania, neno hoteli aghalabu halina maana ya nyumba ya kulala wageni. Maana yake ni chumba chenye meza mbili tatu, au kibanda cha mabati kando ya njia iendayo mwaloni, ambamo mtu hula ugali wa muhogo kwa mgebuka au dagaa, hulipa, kisha huenda zake. Jambo hili ni la kila siku hata huonekana halistahili kuandikwa. Walakini lina historia yake, na kiini cha historia hiyo ni swali moja lililo zito kuliko linavyoonekana: mgeni asiye na ndugu mjini hula wapi?

Chakula hakikuwa haba Ujiji. Burton na Speke walipofika huko Februari 1858 walikuta soko lililojaa. Katika kitabu alichokitoa 1860, Burton alitaja samaki, mboga, ndizi na mafuta ya mawese. Cameron, aliyefika 1874, alieleza jinsi watu walivyonunua humo. Fedha ya soko ilikuwa shanga ziitwazo sofi, mfano wa vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Soko lilipoanza, watu wenye mifuko ya sofi waliwapa wanunuzi hizo na kupokea shanga za namna nyingine. Soko lilipofungwa walizipokea tena kwa wauzaji, wakapata faida mara mbili. Hao walikuwa wavunja fedha hasa, kama wale wa bandari yoyote duniani.

Basi mwenye sofi alipata samaki. Lakini samaki mbichi si mlo. Mlo wahitaji moto, chungu, maji na mtu wa kupika, na vitu hivyo vilikuwa ndani ya nyumba. Mpagazi wa msafara alipewa posho ya nguo au shanga, akaigeuza kuwa unga na kitoweo, akala na wenzake wa kambi moja. Tajiri alipikiwa na watu wa nyumba yake, wengi wao wakiwa watumwa. Jambo hili halifai kupitiwa kimya pale ukarimu wa mabwana wa Ujiji unaposifiwa. Aliyekuwa hana kambi wala nyumba ilimpasa awe na mwenyeji.

Mfano ulio wazi ni wa Livingstone. Aliporejea Ujiji kutoka Manyema, Oktoba 1871, alikuta mtu aliyekabidhiwa bidhaa zake amekwisha kuziuza karibu zote. Soko lilikuwa palepale, samaki walikuwa palepale, na mzee yule alikuwa mgonjwa karibu na kufukarika. Stanley alipomkuta mwishoni mwa mwaka huo, mlo wao wa kwanza pamoja haukutoka sokoni. Stanley ameandika kwamba Said bin Majid alipeleka maandazi ya nyama, Muhammad bin Salih akapeleka kuku wa mchuzi, na Mwinyi Kheri sahani ya nyama ya mbuzi na wali. Wasomaji wengi huukumbuka ukurasa ule kwa salamu za Wazungu wawili, na ni haki yao. Lakini kwa mwanahistoria wa mji, sahani zile zina habari zaidi. Hakuna aliyezilipia. Kila moja ilitoka katika nyumba yenye jina, na kila moja ilimfunga mlaji kwa mwenye nyumba hiyo kwa kamba ya fadhila. Mgeni mkubwa alipelekewa sahani tatu. Mgeni mdogo hakuandikiwa kitabu.

Utaratibu huo haukuvunjwa na amri ya mtu. Ziwa lenyewe lilianza. Kiasi cha mwaka 1878 maji, ambayo yalikuwa yamepanda miaka mingi, yalitoboa njia ya mto Lukuga upande wa magharibi, na katika miaka iliyofuata yakashuka kiasi cha mita kumi. Ufuko wa Ujiji ukajitenga na mji, hata mahali pa makutano ya Livingstone na Stanley pakawa mbali na maji. Ghuba ya Kigoma ilikuwa na kina. Huko ndiko Wajerumani walikofikisha reli mwanzoni mwa 1914, na ndiko meli iliyojengwa Papenburg na kuletwa vipande vipande ilikoundwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Meli hiyo, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaopolewa na Waingereza 1924, na kuanza kazi tena 1927 kwa jina la Liemba. Kwa mapatano ya 1921 Wabelgiji nao walipewa sehemu yao ya bandari kwa mizigo ya Kongo.

Reli na meli zilileta mtu wa namna mpya, yaani msafiri anayengoja. Mpagazi alikwenda na kambi yake. Abiria alishuka peke yake na tiketi yake, akakuta meli haijaja. Huenda akangoja siku moja, huenda siku nyingi. Kuli wa bandari naye aliacha mkewe kijijini, akawa na mshahara mfukoni bila jiko. Watu wa namna hiyo hawawezi kungoja fadhila ya mwenye nyumba, wala mji hauna nyumba za kuwatosha. Chakula kilichopikwa kikawa bidhaa.

Kwenye meli yenyewe ilikuwa vivyo hivyo. Safari ya Liemba kutoka Kigoma hata Mpulungu, Zambia, ilichukua siku mbili au tatu, na vituo vingi vya njiani havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na nchi, ikapiga honi, na mitumbwi ikaja ikisukumana ubavuni, ikiwa na abiria, dagaa wakavu, matunda na wauzaji wa vyakula. Pengine mkono ulioteremsha shilingi na mkono uliopandisha kitoweo havikugusana tena maishani.

Katika miaka ya 1980, mishahara iliposhindwa kukimu nyumba, wanawake wengi nchini walishika biashara ya sufuria, na jina la mama ntilie likaenea. Jina hili lastahili kutazamwa na mwanafunzi wa lugha. Ni kauli ya mlaji: mama, nitilie. Kitenzi kimo katika hali ya kutendea, na anayetendewa ni mimi. Mteja ana fedha mkononi, hana deni la fadhila kwa mtu. Hata hivyo hasemi niuzie. Anaomba kama mtoto aombavyo nyumbani. Baadaye lililetwa jina la adabu zaidi, mama lishe, nalo limekubaliwa. Ila halina sauti ya mlaji ndani yake, na kwa hiyo limepungukiwa na nusu ya habari.

Na maneno nitilie hayakuwa ya bure, kwa kuwa mama huyo hukopesha. Kuli asiyepata mzigo leo hula leo na kulipa akipata. Hapo yule mwenyeji wa zamani amerudi kwa mlango mwingine, ila sasa hana watumwa wala pembe za ndovu. Ana sufuria, kuni, na mtaji wa jana.

Mtaji huo hufuata mwezi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa mwanga, zamani kwa moto wa kuni mtumbwini, kisha kwa karabai, na siku hizi kwa taa za umeme wa betri au jua. Mbalamwezi ikiwa kamili taa haina nguvu, wavuvi hupumzika, na sahani hubadilika. Muuzaji ajuaye kazi yake huhesabu siku hizo mapema, akanunua dagaa wakavu au maharage.

Lakini mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sababu ilikuwa ya haki, maana samaki walikuwa wamepungua. Hata hivyo hesabu ya miezi ile yafaa ifanywe kwa upande wa sufuria pia. Mbalamwezi huchukua siku chache, na deni la siku chache hubebeka. Miezi mitatu ni jambo jingine: mvuvi hana samaki, mchukuzi wa mwaloni hana mzigo, na wote wawili ndio walaji wa kila siku katika vibanda vya Kibirizi. Mama aliyewazoea alikuwa na daftari la madeni, au alilishika kichwani, na kila mchana ilimpasa kuamua ni nani atakayetiliwa.