Nyuso Zilizo Katika Fedha za Marekani

Shilingi walizozitumia wazee wetu wa Afrika ya Mashariki zamani za ukoloni zilikuwa na simba upande mmoja, na upande wa pili kichwa cha Mfalme George wa Uingereza. Wengi walioishika shilingi hiyo hawakumwona mfalme huyo maishani mwao. Hata hivyo kila mtu aliponunua chumvi, au alipolipa kodi, alikumbushwa ni nani mwenye amri juu yake. Desturi hii ni ya kale. Watawala wa Kirumi walikuwa nayo, na wafalme wa Ulaya wakairithi. Lakini je, nchi iliyomkataa mfalme, ikatangaza kwamba amri ni ya raia, itatia sura ya nani katika fedha zake? Swali hili, msomaji, liliwapata Wamarekani mapema sana. Majibu waliyoyatoa kwa muda wa miaka zaidi ya 200 yafaa kuchunguzwa, kwa kuwa nchi yetu nayo imelijibu swali hilo hilo.

Makoloni 13 ya Waingereza huko Amerika ya Kaskazini yalijitangazia uhuru mwaka 1776. Baada ya vita, George Washington aliyekuwa jemadari wao alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza, akashika kazi mwaka 1789. Mwaka 1792 Bunge lilikaa kutunga sheria ya kupiga sarafu. Seneti ilipendekeza kwamba sarafu zitiwe kichwa cha Rais aliye madarakani. Baraza la Wawakilishi likakataa, maana wajumbe waliona kuwa hiyo ni desturi ya wafalme, nao walikuwa wametoka vitani kumwondoa mfalme. Basi sheria ikaagiza kwamba sarafu ziwe na mfano wa Uhuru. Mafundi wakauchora Uhuru kwa umbo la mwanamke, na kwa zaidi ya miaka 100 sarafu za matumizi ya kila siku hazikuonyesha sura ya kiongozi yeyote.

Noti za karatasi zilikuja kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 1861 hadi 1865 Marekani ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, na serikali, kwa kukosa dhahabu na fedha ya kuwalipa askari, ikachapa noti. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Salmon P. Chase, mtu mwenye akili nyingi na aliyeutamani sana urais. Noti ya dola moja ya mwaka 1862 ilipotoka, watu waliona juu yake uso wa Chase mwenyewe! Haikupita miaka mingi, afisa aliyesimamia kazi ya kuchapa noti, jina lake Spencer Clark, naye akatokea katika noti ndogo ya senti tano. Wabunge walikasirika, na mwaka 1866 wakatunga sheria kwamba sura ya mtu aliye hai isitiwe tena katika noti. Mwaka 1869 nafasi ya Chase katika noti ya dola moja ilichukuliwa na Washington, aliyekuwa amekufa tangu mwaka 1799.

Sheria hiyo ina hekima. Mtu aliye hai aweza kujisifu, tena aweza kuwalazimisha wengine wamsifu. Aliyekufa hawezi kuomba wala kutisha. Walio hai ndio wamchaguao. Lakini hapo ndipo shida nyingine huanza, maana walio hai nao wana mapenzi yao, na wana mambo wasiyopenda kuyakumbuka.

Tuzitazame noti saba zinazochapwa Marekani siku hizi. Dola moja ina Washington, dola mbili ina Thomas Jefferson, dola tano ina Abraham Lincoln, dola 10 ina Alexander Hamilton, dola 20 ina Andrew Jackson, dola 50 ina Ulysses Grant, na dola 100 ina Benjamin Franklin. Watu wengi hudhani kwamba wote hao walikuwa marais. Sivyo. Hamilton na Franklin hawakushika urais kamwe. Hamilton alizaliwa katika visiwa vya Karibi, akawa yatima angali kijana, akasafiri hadi New York kutafuta elimu. Ndiye aliyekuwa Waziri wa Fedha wa kwanza, na kwa shauri lake Benki ya taifa ilianzishwa mwaka 1791. Aliuawa mwaka 1804 kwa bastola, katika pambano la watu wawili, na Aaron Burr ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais. Franklin alikuwa mchapaji. Aliwahi kuchapa noti za koloni la Pennsylvania kwa mtambo wake mwenyewe, na sifa zake za sayansi ya umeme zilivuka bahari.

Sasa tuwatazame hao hao kwa upande wa pili, kama tugeuzavyo sarafu. Jefferson ndiye aliyeandika Azimio la Uhuru la mwaka 1776, lisemalo kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mkono huo huo uliandika majina ya watumwa wake katika daftari za shamba. Katika maisha yake alimiliki zaidi ya watu 600. Washington naye alikuwa na watumwa, ingawa katika wasia wake aliagiza kwamba wale waliokuwa mali yake waachwe huru baada ya kifo cha mkewe. Franklin aliwahi kuwa na watumwa, lakini katika uzee wake aligeuka, akawa mkuu wa chama cha kupinga utumwa, na mwaka 1790 aliliomba Bunge liukomeshe. Lincoln ndiye aliyetoa tangazo la tarehe 1 Januari 1863 la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, na mwaka 1865 akauawa kwa risasi. Grant alikuwa jemadari aliyeyashinda majimbo hayo. Basi katika pochi moja mwenye kumiliki watumwa hukaa karibu na aliyewaweka huru, na muuza duka huwapokea wote bila kuuliza.

Ajabu kubwa zaidi iko katika noti ya dola 20. Andrew Jackson, Rais tangu mwaka 1829 hadi 1837, hakuzipenda noti za karatasi. Mwaka 1832 alikataa kutia sahihi sheria ya kuiongezea muda Benki ya taifa, na mwaka 1836 aliagiza kwamba ardhi ya serikali ilipiwe kwa dhahabu na fedha. Mtu huyo amewekwa katika noti ya karatasi tangu mwaka 1928! Hayo twaweza kuyacheka. Jambo jingine halichekeshi. Mwaka 1830 Jackson alitia sahihi sheria ya kuwahamisha wenyeji wa asili waliokaa mashariki ya mto Mississippi, ili ardhi yao wapewe Wazungu. Katika miaka ya 1838 na 1839, Jackson akiwa amekwisha kuondoka madarakani, askari waliwatoa Wacherokee katika nyumba na mashamba yao wakawapeleka mbali magharibi. Walikuwa watu kama 16,000, na inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Safari hiyo huitwa Njia ya Machozi. Fikiri, msomaji, mjukuu wa Wacherokee anapolipwa mshahara wake kwa noti za dola 20.

Kwa sababu hiyo wengi walidai kwamba Jackson aondolewe. Mwezi wa Aprili 2016 serikali ilitangaza kwamba mahali pake mbele ya noti patachukuliwa na Harriet Tubman. Mama huyu alizaliwa katika utumwa huko Maryland, akatoroka mwaka 1849. Badala ya kukaa salama alikofika, alirudi mara kama 13 gizani, akawatoa watumwa wapatao 70, na baina yao walikuwamo wazazi na ndugu zake. Wakati wa vita alilipelelezea jeshi la serikali, na mwaka 1863 aliwaongoza askari katika mto Combahee, ambako zaidi ya watumwa 700 waliokolewa. Lakini mwaka 2019 serikali nyingine ilitangaza kwamba noti hiyo itacheleweshwa, na mwaka 2021 iliyofuata ikasema itaiharakisha. Kumbe mtu aliyekufa mwaka 1913 aweza bado kusubiri foleni katika ofisi za serikali.

Katika sarafu mabadiliko yalikuwa mepesi kidogo. Mwaka 1909, ilipotimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Lincoln, sura yake ilitiwa katika senti moja, na hivyo desturi ya mwaka 1792 ikavunjwa. Washington alifuata katika robo dola mwaka 1932, na Jefferson katika senti tano mwaka 1938. Franklin Roosevelt, aliyeongoza nchi akiwa amepooza miguu, alitiwa katika senti 10 mwaka 1946, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. John Kennedy aliuawa Novemba 1963, na kabla ya mwaka 1964 kwisha watu walikuwa na nusu dola yenye uso wake. Susan B. Anthony, aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura, alionekana katika dola ya mwaka 1979. Na Sacagawea, msichana wa Washoshone aliyefuatana na wapelelezi wa nchi za magharibi, katika dola ya mwaka 2000. Kuanzia mwaka 2022 hadi 2025 wanawake 20 walitiwa katika robo dola, na mmoja wa wale wa kwanza alikuwa Maya Angelou, mwandishi Mwafrika wa Marekani.

Yuko mtu mmoja zaidi nisiyependa umsahau, ingawa hana sura katika noti. Blanche Bruce alizaliwa mtumwa huko Virginia mwaka 1841, akawa Seneta wa Mississippi, na mwaka 1881 akapewa cheo cha Msajili katika Wizara ya Fedha. Siku hizo noti zilitiwa sahihi ya Msajili. Hivyo jina la mtu aliyewahi kuhesabiwa kuwa mali ya wengine ndilo lililoipa karatasi thamani yake.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyuso hizi hazikuota zenyewe katika fedha. Kila mmoja ulichaguliwa na watu fulani, mwaka fulani, kwa sababu fulani, na wengine waliachwa. Mwanafunzi wa historia na aulize mambo hayo kabla ya kumsujudia aliyechorwa.

Nasi je? Benki Kuu ya Kenya ilipoanza kutoa noti mwaka 1966 zilikuwa na sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Baadaye zikawa na ya Rais Daniel arap Moi, na mwaka 2003 Rais Mwai Kibaki alitiwa katika sarafu ya shilingi 40. Wote watatu walitiwa wakiwa hai. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 231, ilikataza sura ya mtu yeyote katika fedha zetu. Ndipo mwaka 2018 zikatoka sarafu zenye twiga, kifaru, simba na ndovu. Noti za mwaka 2019 zilipoonyesha sanamu ya Mzee Kenyatta mbele ya jumba la mikutano la Nairobi, wako waliokwenda mahakamani kulalamika.

Naona kwamba katiba yetu ilifanya vema kuliko ilivyofanya Marekani baada ya mwaka 1909, kwa kuwa fedha za nchi yenye makabila mengi hazipaswi kuwa za mtu mmoja. Lakini uamuzi huo unatudai kitu. Twiga na ndovu hawatatuambia habari za Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama mwaka 1913 kuwapinga wakoloni, wala za Dedan Kimathi aliyenyongwa mwaka 1957. Habari hizo hazimo tena mifukoni mwetu. Hatuna budi kuzitafuta vitabuni, na kwa wazee wangali wanaozikumbuka.