Somo la Mlolongo

Tunapowaita wavivu Wakenya wasiopiga kura, tunasahau walichofunzwa. Februari 1988, katika mchujo wa KANU, chama pekee wakati huo, watu walipiga kura kwa mlolongo: walipanga foleni hadharani nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea. Kila mwenye macho aliona foleni ipi ndefu; hata hivyo, kwingine mwenye foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi, na waliopewa zaidi ya asilimia 70 ya kura walipita bila kupingwa. Dharau ile iliuma kuliko kunyimwa kura. Atakayesema kilichowazuia watu kupiga kura ulikuwa woga tu, mbona Desemba 1992, vyama vingi viliporudi, walijitokeza kwa mamilioni? Lakini somo lile lilirudi baadaye: waliojitokeza walishuka kutoka takribani asilimia 86 mwaka 2013 hadi 65 mwaka 2022, na matokeo ya urais ya chaguzi zote mbili yalipingwa Mahakama ya Juu.