Ni Motokaa au ni Dereva? Habari za Michèle Mouton

Mashindano ya Safari yalianzishwa katika Afrika ya Mashariki mwaka wa 1953, na tangu siku zile yalipata sifa ya kuvunja motokaa na kuchosha watu. Njia zake zilipita katika vumbi laini kama unga, katika matope yaliyomeza magurudumu, na katika mbuga zenye wanyama. Tena, kwa miaka mingi barabara hazikufungwa, hata dereva wa mashindano aliweza kukutana na lori au kundi la ng'ombe kwenye kona. Wakati wa Pasaka ya mwaka wa 1983, nafasi ya kwanza na ya pili katika Safari zilichukuliwa na watu wawili wa Finland, Ari Vatanen na Hannu Mikkola. Nafasi ya tatu ilichukuliwa na Mfaransa mwenye umri wa miaka 31. Mfaransa huyo alikuwa mwanamke, na jina lake ni Michèle Mouton.

Hakuwa mwanamke wa kwanza kuipata nafasi hiyo, kwa maana Mwingereza Pat Moss alimaliza wa tatu mwaka wa 1962 katika motokaa ya Saab. Lakini Mouton alifika Kenya akiwa na sifa ambayo mwanamke mwingine hakuwa nayo: alikuwa amekwisha kushinda mashindano manne ya ubingwa wa dunia, na mwaka uliotangulia nusura awe bingwa mwenyewe. Hata hivyo, swali moja lilimfuata kila alikokwenda. Je, aliyeshinda ni dereva, au ni motokaa yake? Na tuyatazame kwanza maisha yake. Kisha tulipime swali hilo kwa ushahidi, kama impasavyo mtu asomaye historia.

Michèle Mouton alizaliwa tarehe 23 Juni, 1951, katika mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa. Mji huo ni mashuhuri kwa manukato, na wazazi wake walikuwa wakulima wa maua ya waridi na yasmini. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alikuwa akiendesha motokaa ya baba yake, Citroën ndogo ya namna ya 2CV. Lakini hakuwa na nia ya kuwa dereva wa mashindano. Alianza masomo ya sheria, kisha akayaacha.

Mwaka wa 1972 rafiki yake mmoja, Jean Taibi, alimwomba aketi kando yake katika mashindano ya kisiwa cha Corsica, awe mwongoza njia. Yafaa tueleze kazi hiyo. Katika mashindano ya namna hii motokaa hazikimbizani pamoja kama farasi uwanjani. Kila moja huondoka peke yake, na mshindani wake hasa ni saa. Njia hugawanywa vipande vipande, na muda wa kila kipande huandikwa. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Dereva hawezi kuzikumbuka kona zote zilizoko mbele yake. Kwa hiyo mwongoza njia hushika daftari magotini na kumsomea: kona ya kulia, kali, kona ya kushoto, nyepesi, daraja jembamba. Akikosea mstari mmoja, wote wawili huenda wakajikuta korongoni.

Baba yake hakuipenda kazi hiyo. Aliona kwamba kama binti yake alitaka kuhatarisha maisha yake, ni heri ashike usukani mwenyewe kuliko kuyaweka mikononi mwa mtu mwingine. Basi akampa ahadi yenye sharti: atamnunulia motokaa na kumlipia gharama za mwaka mmoja. Katika mwaka huo aonyeshe uwezo wake, ama aachane kabisa na mashindano. Motokaa hiyo ilikuwa Alpine-Renault A110.

Binti hakuupoteza mwaka ule. Mwaka wa 1974 alimaliza wa 12 katika mashindano ya Corsica, yaliyokuwa ya ubingwa wa dunia. Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walinong'ona kwamba mwanamke hawezi kwenda mbio vile, na kwamba lazima injini yake ilikuwa ya namna ya pekee. Injini ikakaguliwa, wala haikuonekana ila yoyote. Msomaji na alikumbuke jambo hilo dogo, kwa sababu swali lile tulilolitaja lilizaliwa mapema, kabla Mouton hajapata motokaa yoyote ya ajabu.

Mwaka wa 1975, pamoja na wanawake wawili wenzake, Christine Dacremont na Marianne Hoepfner, alishiriki katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, wakashinda katika daraja la motokaa zenye injini ya lita mbili. Mwaka wa 1977 aliajiriwa na tawi la Fiat la Ufaransa, na mwaka uliofuata akashinda mashindano ya motokaa ya kuizunguka Ufaransa. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa bado mbele.

Mnamo mwaka wa 1980 kampuni ya Audi ya Ujerumani ilitoa motokaa mpya iitwayo Quattro. Katika motokaa nyingi za mashindano za siku zile nguvu ya injini ilipelekwa kwenye magurudumu mawili tu. Katika Quattro nguvu hiyo iligawanywa kwa magurudumu yote manne, hata motokaa ikashika vizuri zaidi penye theluji, changarawe na matope. Audi ilimchagua Hannu Mikkola kuwa dereva wake mmoja, na wa pili ikamchagua Mouton. Mwongoza njia wake akawa Fabrizia Pons, mwanamke wa Italia, ambaye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa dereva wa mashindano.

Mwezi wa Oktoba, 1981, wanawake hao wawili walishinda mashindano ya Sanremo katika Italia, na kumwacha katika nafasi ya pili kijana hodari wa Finland, Henri Toivonen. Kabla ya siku hiyo hakuna mwanamke aliyekuwa ameshinda mashindano ya ubingwa wa dunia ya aina hii. Mwaka wa 1982 walishinda tena mara tatu: Ureno, Ugiriki na Brazil. Katika Ugiriki na Brazil aliyekuwa wa pili ni Walter Röhrl wa Ujerumani, aliyeendesha Opel, naye alikuwa miongoni mwa madereva bora wa zama zile. Mwaka ulipokaribia kwisha, ubingwa wa dunia ulikuwa baina ya watu hao wawili. Mashindano yaliyofuata yalikuwa ya Côte d'Ivoire, katika Afrika ya Magharibi, mwishoni mwa mwezi wa Oktoba.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Baba yake Mouton alikuwa mgonjwa wa saratani. Kabla tu ya mashindano kuanza, habari zikafika Côte d'Ivoire kwamba amefariki. Mouton alitaka kurudi nyumbani mara moja. Lakini mama yake akamsihi aondoke na wenzake mashindanoni, kwa kuwa ndivyo alivyotaka marehemu. Mzee yule ndiye aliyemnunulia motokaa ya kwanza na kumpa mwaka mmoja wa kujaribu. Basi binti akayafuta machozi, akaketi nyuma ya usukani.

Akaongoza. Kwa siku kadhaa alikwenda mbele ya Röhrl, na tofauti baina yao ikapita muda wa saa nzima. Halafu mitambo ipelekayo nguvu kwenye magurudumu ikaharibika. Mafundi walipokuwa wakiitengeneza, saa haikuwangojea. Dakika alizozikusanya kwa shida zikapotea zote. Alipoanza tena ilimbidi akaze mwendo kulikokuwa na ukungu mzito, na humo motokaa ikatoka barabarani na kuumia vibaya. Alijaribu kuendelea, lakini haikuwezekana. Röhrl akashinda, na ubingwa wa dunia ukawa wake. Mouton akarudi Ufaransa kwa msiba wa baba yake, bila taji.

Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Majuma machache baadaye, katika mashindano ya mwisho ya mwaka yaliyofanywa Uingereza, mwanamke huyu alisimama tena penye mstari wa kuanzia, ingawa hakukuwa na ubingwa wa kugombea tena. Akamaliza wa pili, nyuma ya Mikkola. Hesabu ya mwaka ilipofungwa, Röhrl alikuwa na pointi 109, na Mouton 97.

Sasa na turudie swali letu. Wako waliosema kwamba mtu yeyote angeweza kushinda kwa Quattro. Hatuwezi kulipuuza neno hilo, kwa sababu lina kweli ndani yake. Motokaa yenye kusukumwa na magurudumu manne ilikuwa na faida kubwa, na katika miaka michache tu kila kampuni iliyotaka ubingwa ililazimika kuifuata Audi. Bila Quattro yamkini Mouton asingalishinda Ureno wala Brazil.

Lakini ushahidi hauishii hapo. Mwaka wa 1982 Mikkola naye aliendesha Quattro, naye alikuwa dereva wa kutisha. Mwisho wa mwaka alikuwa wa tatu, chini ya Mouton. Yeye alishinda mara mbili, Mouton mara tatu. Kama motokaa ndiyo iliyoshinda, mbona mikononi mwa mwanamume huyu hodari haikuleta zaidi? Kwa haki yapasa tuongeze kwamba motokaa ya Mikkola iliharibika mara nyingi mwaka ule, na kwamba mwaka wa 1983 yeye alikuwa bingwa wa dunia na Mouton akawa wa tano. Hatusemi, basi, kwamba Mouton alimzidi Mikkola katika mambo yote. Twasema kwamba alikuwa mwenziwe wa kweli, si abiria aliyebebwa na chombo chema.

Kuna hoja nyingine yenye nguvu zaidi. Quattro ilikuwa na mbio, lakini ilikuwa pia nzito na yenye kuharibika upesi; Opel ya Röhrl ilikuwa na magurudumu mawili tu ya kusukuma, lakini ilivumilia. Atakaye kuipa motokaa sifa ya ushindi wa Brazil, na aipe pia lawama ya kushindwa kwa Côte d'Ivoire. Haiwi haki kumvua mtu sifa siku chombo kinapomsaidia, kisha kumtwisha kosa siku chombo kinapomwangusha. Wanaume walioshinda kwa motokaa bora hawakuulizwa swali hili. Lilihifadhiwa kwa ajili ya mwanamke peke yake, na jambo hilo latufundisha habari za waulizaji kuliko habari za dereva.

Tena Safari ya mwaka wa 1983 ilikuwa shahidi wake mwingine. Katika Kenya wepesi wa motokaa peke yake haukutosha. Ilihitajiwa busara ya kujua mahali pa kukaza na mahali pa kulegeza, na uvumilivu wa kuifikisha motokaa mwisho wa safari. Motokaa nyingi zilizoondoka hazikufika. Yake ilifika.

Miaka iliyobaki tutaisimulia kwa ufupi. Mwaka wa 1985 alikwenda Marekani kushindana katika mlima wa Pikes Peak, ambao barabara yake, wakati huo ya changarawe, hupanda mpaka kimo cha meta 4,300 hivi. Akaumaliza mlima kwa dakika 11 na sekunde 25, akashinda, na kuivunja rekodi ya wakati ule. Mwaka wa 1986 aliendesha Peugeot na kuwa bingwa wa Ujerumani. Lakini mwaka huo ulikuwa mwaka wa huzuni. Motokaa za daraja lake zilikuwa zimepewa nguvu nyingi kupita kiasi. Katika Ureno motokaa moja iliparamia watazamaji na kuwaua. Na tarehe 2 Mei, katika Corsica, Henri Toivonen na mwongoza njia wake Sergio Cresto waliungua ndani ya motokaa yao wakafa. Wakuu wa mashindano wakaamua kuzipiga marufuku motokaa hizo, na mwaka huo huo Mouton akastaafu.

Hakuusahau mchezo wala wenzake. Mwaka wa 1988, akishirikiana na Fredrik Johnsson, alianzisha Mashindano ya Mabingwa kwa kumkumbuka Toivonen, yule kijana aliyekuwa wa pili siku ya Sanremo. Mwaka wa 2010 Shirikisho la Kimataifa la Motokaa, liitwalo FIA, lilimfanya rais wa kwanza wa tume yake ya wanawake, ili wasichana wengine waufungue mlango alioukuta umefungwa.

Mlango huo haujafunguka wote. Tangu ushindi wake wa Brazil mwaka wa 1982 hadi kufikia mwaka wa 2024, hakuna mwanamke mwingine aliyeshinda mashindano ya ubingwa wa dunia ya aina hiyo. Huenda wengine wakaona hiyo ni dalili ya udhaifu wa wanawake. Lakini mwenye kuisoma vizuri habari hii atauliza kwanza: ni wasichana wangapi walionunuliwa motokaa na kupewa mwaka mmoja wa kujaribu? Mkulima mmoja wa maua alimpa binti yake nafasi hiyo bila kujua itazaa nini. Binti akaipeleka kwa saa, na saa haikumwuliza kama ni mwanamume au mwanamke. Iliandika dakika zake tu.