Sahani, kikwembe, jina: miaka 70 ya biashara ya muziki Lubumbashi

Jumamosi jioni katika komini ya Kenya, Lubumbashi. Nje ya baa moja yenye ua mpana, kijana amekalia ndoo iliyofudikizwa. Mbele yake kuna kiti cha plastiki, juu ya kiti kompyuta iliyochakaa, na waya wa umeme umevutwa kutoka ndani ya baa.

"Papa, unataka za zamani ao za sasa?" ananiuliza, mkono umeshaifikia simu yangu. Kwa faranga chache ananijazia nyimbo ambazo sitazimaliza kusikiliza kwa wiki nzima. Hatua kumi kutoka hapo, upande wa pili wa ukuta, bendi inapima vyombo. Mwimbaji hajui nyimbo zake ngapi zimeuzwa jioni hii pale kwenye ndoo. Hata angejua, angedai kwa nani?

Nilizunguka ua ule nikitafuta fulana yenye sura ya bendi, kofia, hata kibandiko cha kubandika kwenye pikipiki. Sikuona kitu. Ulaya na Marekani meza ya vitu hivyo haikosekani mlangoni mwa onyesho. Mwaka 1956 mfanyabiashara Hank Saperstein alilibandika jina la Elvis Presley kwenye bidhaa za kila aina, hadi rangi ya mdomo. Miaka michache baadaye The Beatles walijifunza kwa uchungu kwamba jina nalo lina bei, maana mkataba wao wa kwanza na kampuni iliyouza vitu vyenye sura zao uliwaachia asilimia 10 tu.

Msomaji asidhani kwamba Lubumbashi hakuna kinachouzwa muziki unapopigwa. Kinauzwa, tena tangu zamani. Ila bidhaa ya mwanamuziki hapa imekuwa ikibadilika kila pesa inapohama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Garimoshi la kusini

Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, mwaka uleule reli ilipofika kutoka Rhodesia. Kwa hiyo dirisha lake la kwanza lilitazama kusini. Makaa, unga wa mahindi, nguo, vyote vilikuja kwa reli hiyo. Kuelekea Léopoldville, Kinshasa ya leo, safari ilikuwa ndefu na ya kuchosha: garimoshi mpaka Port-Francqui, ambako leo ni Ilebo, kisha meli ya mtoni. Na hata reli hiyo ilikamilika mwaka 1928 tu.

Ndiyo maana sahani za santuri zilizomtoa mpiga gitaa wa Katanga, eneo la mji huu, zilitengenezwa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka na mashine yake ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, kijana wa miaka ishirini na kitu akipiga gitaa kavu kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean-Bosco, mzawa wa 1930, wa kabila la Bayeke, watu ambao wazee wao walitoka na mtawala wao Msiri magharibi mwa Tanzania ya leo. Wimbo wake "Masanga" ukatoka kwenye sahani ya Gallotone.

Sahani yenyewe ilikuwa nzito, ya kuvunjika kama bakuli, yenye nyimbo mbili tu, moja kila upande, na kila wimbo wa kama dakika tatu. Mwenye kuinunua alikuwa mfanyakazi: mtu wa kampuni ya migodi ya Union Minière, wa reli, karani, mpishi wa Mzungu. Alikuwa na mshahara wa kila mwezi, na gramafoni nyumbani ilikuwa alama kwamba mwenye nyumba ameingia mjini kweli. Jumapili mlango ukiachwa wazi, mtaa mzima unasikiliza.

Lakini duka lililouza sahani halikuwa la Bosco, na reli iliyozileta ndiyo iliyoondoka na pesa. Yeye na wenzake, kina Edouard Masengo na Losta Abelo, waliishi kwa kualikwa kwenye harusi na baa, na kwa matabishi: noti inayobandikwa kwenye kipaji cha uso cha mpigaji huku ngoma ikiendelea. Jina lake lilifika mbali kuliko mfuko wake. Mwaka 1959 alikuwa Nairobi, na gitaa lake likatumika kutangaza vidonge vya Aspro. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Wapiga gitaa wa nchi ya Kenya walijifunza vidole vyake kwa kusimamisha sahani na kuirudisha sindano nyuma, mara kumi, mara ishirini.

Sura juu ya kitambaa

Bidhaa ya pili ni ya kuvaa, na asili yake ni ya zamani kuliko sahani. Ngoma ya beni iliyoanzia pwani, Lamu na Mombasa, ilifika kwenye migodi ya Katanga baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Huko iliitwa mbeni. Wachezaji walikuwa na vyeo, wafalme na madaktari na maofisa, na kila cheo na vazi lake. Mtu alijinunulia sare ili aonekane ni wa kundi fulani, kwa ari ileile ya shabiki wa leo anayenunua jezi. Serikali ya Wabelgiji iliitazama kwa wasiwasi, maana iliona jeshi pale ambapo wenyewe waliona starehe.

Mama wa mjini wakaipeleka mbele kwa kikwembe. Léopoldville ya miaka ya 1950 ilikuwa na moziki, vyama vya akina mama waliosaidiana kwa pesa, wakavaa kitambaa kimoja na kushikamana na bendi waliyoipenda. Bendi iliwaimba, nao wakajaza meza. Lubumbashi haikuhitaji kufundishwa sare ya kikwembe, maana hakuna harusi wala sherehe ya kwaya inayopita bila mama kuulizana: tunashona kipi? Mwenye kutoa kitambaa anapata sifa, fundi anapata kazi, muuza nguo anapata faida. Mwanamuziki anapata ukumbi uliojaa.

Mbona basi sura ya mwimbaji haikukaa kwenye kitambaa? Kwa sababu nafasi ile ilikuwa na mwenyewe. Chini ya Rais Mobutu, kikwembe chenye sura ya mtu kilikuwa chenye sura yake na mwenge wa chama chake cha MPR. Kanisa nalo lilichapa vya kwake, vyenye sura za watakatifu na maaskofu. Ukaja wakati wa uchaguzi, 2006, 2011 na kuendelea, na wagombea wakagawa fulana zenye sura zao kwa malori. Fulana hizo utaziona mpaka leo, zimepauka, mtu amezivaa shambani au anafutia gari. Kitu ambacho mwanasiasa amekupa bure, nani atalipa dola tano kukipata kwa mpiga gitaa?

Wa pekee waliovuka kikwazo hicho ni watu wa mpira. TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939, ikabeba kwa muda jina la matairi ya Englebert, na mwaka 2010 ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Jezi yake nyeusi na nyeupe inavaliwa na mchuuzi na wakili. Lakini jezi hiyo haina sura ya mtu. Ina mistari tu, na mistari ni ya mji mzima.

Jiwe linatupwa

Bidhaa ya tatu ilizaliwa katika shida. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka mwaka 1990. Uporaji wa 1991 ukafagia maduka. Na katikati ya miaka ya 1990 shaba ya mwaka haikufika tani 50,000. Mishahara ikakatika. Yule mfanyakazi aliyekuwa akinunua sahani, baadaye kaseti, sasa alikuwa akiuza redio yake apate unga. Na kaseti chache zilizouzwa zilikuwa za kunakili, za bei ya nusu.

Pesa ikabaki kwa wachache: mfanyabiashara wa madini, mwenye malori ya barabara ya mpakani, Kasumbalesa, mwanasiasa. Bendi za Kinshasa zilikuwa zimeshagundua namna ya kuwauzia watu wa aina hiyo. Jina la biashara hiyo ni libanga, yaani "jiwe" kwa Kilingala, na kutupa libanga ni kumtaja mtu ndani ya wimbo. Mlipaji hupewa sekunde mbili tatu za sifa, jina lake na mara nyingine la mji wake, na wimbo unapochezwa Brussels au Lusaka, yeye yumo. Jukwaani ni hivyohivyo: noti inapanda, jina linatamkwa, meza yake inapiga makofi.

Wengi wanalaumu kwamba libanga limeharibu nyimbo. Nami kuna nyimbo nimezizima kwa hasira, majina yakiwa mengi kuliko maneno ya mapenzi. Lakini kama biashara, ni bidhaa isiyo na kifani. Haihitaji kiwanda wala lori wala ushuru wa mpakani. Haiwezi kunakiliwa, kwa sababu mwenye kuinakili anamfaidisha aliyeinunua. Kijana wa kompyuta pale kwenye ndoo, ambaye ni mwizi kwa mwenye sahani, kwa mwenye jina ni mjumbe. Na zaidi ya yote, pesa inafika mkononi mwa mwanamuziki kabla wimbo haujatoka, jambo ambalo Bosco na sahani zake zote hakulionja.

Ubaya wake ni huu: anayeimbiwa na anayesikiliza si mtu mmoja tena. Fundi wa vyuma wa komini ya Katuba ambaye baba yake alijinunulia sahani, yeye sasa anasikia bure nyimbo za kuwasifu matajiri.

Bendi ilianza saa tatu usiku. Sikukaa hadi mwisho. Kwenye teksi, nikiwa nimebanwa katikati ya watu wanne kiti cha nyuma, niliufungua wimbo wa kwanza kati ya zile alizonijazia yule kijana. Gitaa likaingia, jembamba, la vidole viwili, la Katanga hasa. Kisha mwimbaji akashusha pumzi na kuanza: mtu wa kwanza, mke wake, duka lake, mtu wa pili. Nikahesabu majina saba kabla ya ubeti wa kwanza. Wimbo ulishalipiwa kabla yangu.