Mlembe na Warina Asali

Mwishoni mwa karne ya 16, padri mmoja Mreno aliyekuwa Sofala, katika Msumbiji ya leo, João dos Santos, alistaajabu kuona ndege wadogo wakiingia kanisani na kudonoa nta ya mishumaa. Na katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1609 akaeleza kuwa ndege hao huwaita watu na kuwaongoza mpaka kwenye asali ya mwituni. Ndege huyo ni mlembe, ambaye warina asali walikuwa wakimfahamu tangu zama zisizo na tarikhi. Ila kwa kuwa maarifa yao yalikaa vinywani, si vitabuni, hawakukosekana maulamaa wa Ulaya waliodhani kuwa ni ngano za wawindaji.

Sharika yenyewe ni ya haki. Mlembe ajua nyuki walipo, lakini hana nguvu ya kupasua mti wala ya kustahimili miiba yao. Binadamu ana shoka na moto, lakini macho yake hayafiki juu ya kila mti. Basi ndege hulia, huruka mti hadi mti na kumngoja mwenziwe, na asali ikisharinwa hujipatia nta na mabuu. La ajabu zaidi ni kuwa hakufunzwa kazi hiyo na wazazi wake, kwani mamaye hutaga katika kiota cha ndege wa jamii nyingine, na kinda akishaanguliwa huwaua watoto wa mwenye nyumba.

Aliyeyapima madai ya warina kwa saa na hatua ni Mkenya, Hussein Isack, akishirikiana na Heinz-Ulrich Reyer. Mwaka 1989 walionyesha kuwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya wasio na mlembe walihitaji wastani wa saa 8.9 kuwapata nyuki, na wakiwa naye saa 3.2 tu. Baadaye, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2023, Claire Spottiswoode na Brian Wood walibaini kuwa walembe wa Niassa, nchini Msumbiji, huitikia zaidi mlio wa Wayao, na wale wa pande za Wahadza, Tanzania, huitikia zaidi mbinja za Wahadza: kila ndege na ada ya mtaa wake.

Katika ujira, Wayao humwachia nta mwongozi wao, hali Wahadza aghalabu huichoma au huifukia ili njaa imrudishe kazini. Na wapo matajiri wa mjini wenye rai iyo hiyo.

Siku hizi sukari ya dukani na mizinga ya kufugia nyuki imepunguza haja ya kumfuata ndege, na pasipo watu wa kumwitikia mlembe naye huacha kuwaita. Kwa hiyo, ewe msomaji, ikiwa kwenu yungali hai mzee aliyerina kwa kuongozwa, mwendee, umwombe akufundishe mwito wake, nawe uuandike.