Mkono au Mota? Ubishi wa Miaka Mingi Kuhusu Rili ya Umeme

Usiku mmoja wa Desemba 1952, mvuvi mmoja wa kisiwa cha Nzwani, Komoro, alikuwa baharini na mshipi mkononi. Hakuwa na fimbo wala mashine. Akavuta samaki mzito, mwenye magamba magumu na mapezi kama vijiguu. Kesho yake yule samaki nusura akatwe vipande sokoni, mpaka mtu mmoja alipomtambua kutoka kwenye karatasi ya tangazo: kulikuwa na zawadi ya pauni 100 kwa atakayempata. Kumbe ni silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Serikali ya Afrika Kusini ikatoa ndege ya jeshi kwenda kumchukua.

Samaki akawa staa wa dunia. Mkono uliomvuta, nani anaukumbuka?

Wavuvi wa Komoro walikuwa na ujanja wao wa kufika kina cha mita 200 na zaidi. Walifunga jiwe kwenye mshipi, wakaliacha lizame na chambo. Likifika chini, mvuvi anapiga mshtuo mmoja tu, jiwe linachomoka na kubaki huko huko. Kwa nini ahangaike kulipandisha? Jamaa walishaelewa kwamba vita ya kina kirefu haiko kwa samaki peke yake. Iko kwenye uzito na muda. Na hizo ndizo shida mbili ambazo baadaye watu walikuja kuzitatua kwa betri.

Ila kabla betri haijafika, matajiri walikuwa wameshaandika sheria. Mwaka 1939, huko New York, mfanyabiashara mmoja aliyependa sana uvuvi, pamoja na wenzake wa makumbusho na waandishi wenye majina makubwa, walianzisha IGFA, chama kinachotunza rekodi za samaki duniani. Kanuni zao ziko wazi hadi leo: rili, yaani kile kigurudumu cha kuviringishia mshipi, lazima izungushwe kwa mkono. Yenye mota haihesabiki. Hata mwenzako akigusa tu fimbo wakati unapambana na samaki, rekodi imekufa.

Na watu walifanya maajabu chini ya sheria hizo. Mwaka 1953, huko Iquique, Chile, mvuvi mmoja alimtoa nduaro wa upanga, yule mwenye pua ndefu kama jambia, mwenye uzito wa kilo 536. Rekodi hiyo mpaka leo haijavunjwa.

Wajapani nao walikuwa na hesabu nyingine kabisa. Kwao bahari inadidimia karibu na pwani. Ghuba ya Suruga ina kina cha mita 2,500 hivi. Samaki wao wapendwa, kama kinmedai, yule mwekundu mwenye macho makubwa ya dhahabu, wanaishi mita mia kadhaa chini. Mzee wa miaka 70 anayetaka kitoweo chake atazungusha kwa mkono mara ngapi kwa siku? Basi rili ya umeme ikawa kitu cha kawaida. Boti za kukodi zikawekewa soketi za umeme kila siti. Rili zikapata kioo kinachoonyesha mshipi umeshuka mita ngapi, na mshipi wenyewe ukatiwa rangi inayobadilika kila mita 10. Hakuna aliyeona aibu. Aliyekwenda kutafuta chakula hakuwa na shida na kitabu cha rekodi.

Ubishi ulipamba moto Florida, Marekani. Kule nduaro alikuwa amevuliwa sana na mishipi mirefu ya biashara, ile yenye mamia ya ndoana. Mwaka 1998 wapishi wengi wa Marekani walimwondoa kwenye menyu kumpumzisha, na mwaka 2001 serikali ikafunga maji ya pwani ya mashariki ya Florida kwa mishipi hiyo. Samaki wakaanza kurudi. Kufikia 2009 wataalamu walitangaza kwamba nduaro wa Atlantiki ya Kaskazini wameongezeka tena.

Wakati huo huo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wazee wawili wa Islamorada waliamua kumfuata mchana. Watu wa pale walizoea kumvua usiku, maana usiku hupanda juu. Mchana yuko mita 400 hadi 600 chini, gizani. Venezuela walishaonyesha kuwa inawezekana, na wazee wale wakajaribu kwa rili za mkono: chubwi la kilo nne au tano, taa ndogo karibu na chambo, uzi mwembamba wa kusuka usiopeperushwa sana na mkondo. Wakafanikiwa, na mbinu ikasambaa pwani nzima.

Sasa fikiria kuvuta nusu kilomita ya mshipi kwa mkono, kumbe chambo kimeshaliwa. Unakirudisha upya. Mara tano, mara sita kwa siku. Mabega ya nani yatahimili? Hapo ndipo rili za umeme zilipoingia kwa kishindo, na maneno yakaanza: "Huyo havui, anabonyeza kitufe."

Ukweli ni kwamba kitufe kina elimu yake. Anayechagua rili asidanganywe na kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Kasi hiyo mara nyingi ni ya mshipi mtupu. Kinachotakiwa ni nguvu ya kunyanyua mzigo, nafasi ya kubeba mshipi mara mbili ya kina anachovua, na breki isiyoshtukashtuka. Rili nyingi za kawaida zinatumia volti 12, zile kubwa zinaweza kutaka 24. Waya mwembamba wa betri unakula umeme njiani, na mota inakosa nguvu saa ile ile samaki anapogeuka.

Hata akiwa na mashine bora, mvuvi hawezi kulala. Mdomo wa nduaro ni laini. Mota ikivuta kwa pupa, ndoana inachana nyama na samaki anakwenda zake. Nahodha mzuri anapunguza mwendo, anafuata samaki kwa boti, anasikiliza mshipi.

Na kuna jambo zito kuliko sifa. Samaki wengi wa kina kirefu hukua taratibu sana. Wengi pia wakipandishwa, kifuko chao cha hewa kinavimba; ukiwaachia juu juu, hawawezi kurudi chini. Mkono ulikuwa na breki yake ya asili: uchovu. Mtu alichoka, akaenda nyumbani. Mota haichoki. Mwenye rili ya umeme lazima abebe breki hiyo kichwani mwake.

Lakini mota hiyo hiyo imemrudisha baharini mzee mwenye mgongo mbovu na kijana aliyepoteza mkono mmoja. Kumwambia mtu kama huyo kwamba yeye si mvuvi ni ugumu wa moyo.

Yule wa Nzwani aliacha jiwe chini ya bahari ili apunguze kazi, na hakuna aliyemwita mvivu. Heshima yake haikupungua kwa jiwe lile. Labda swali halikuwa nani anazungusha mshipi. Swali ni nani anajua wakati wa kuacha.

Wewe msomaji uko upande gani, mkono au mota?