Heroe Wamekwenda Wapi? Holmes na Bwana Msa Ufukweni mwa Ziwa Nakuru

Januari, saa moja asubuhi, ufuko wa Ziwa Nakuru unanuka magadi na mavi ya ndege. Heroe, ambao wengi hapa huwaita flamingo, hawahesabiki kwa kidole. Unashika darubini, unahesabu kumi, unaukariri ukubwa wa kile kikundi, kisha unakipima juu ya kundi zima huku mwenzako akiandika. Mara ya kwanza niliposhika kalamu nilisahau kuandika saa. Karatasi yangu ilikuwa na namba za kupendeza zisizofaa kitu: huenda ndege walewale walihesabiwa tena ng'ambo nusu saa baadaye.

Tangu siku hiyo, nikisoma riwaya za upelelezi, jicho langu humwangukia msaidizi. Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, aliyechapishwa mara ya kwanza 1887, ana Watson. Bwana Msa wa Mzanzibari Muhammed Said Abdulla ana Najum, na kiko anacho pia. Udugu wao na Holmes haujifichi. Lakini kwenye uchunguzi wanaachana. Holmes husoma vitu: jivu la tumbaku, tope la kiatu. Kwa Abdulla, siri aghalabu imelala kwenye nasaba: nani mtoto wa nani, nani ndugu wa nani bila kujua.

Kesi ya heroe ilimhitaji Bwana Msa. Kuanzia kama 2010 ziwa lilianza kupanda, likafika hadi kulimeza lango kuu la mbuga, na ndege wakatoweka kwa maelfu. Mtuhumiwa alikuwa tayari: majitaka ya mji. Miaka ya 1990 heroe walikuwa wamekufa kwa wingi Nakuru na Bogoria, na metali nzito pamoja na sumu ya mwani zikatajwa. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyochapishwa 1960, maiti inapatikana penye mzimu na watu wana jibu lao mkononi kabla ya swali. Bwana Msa anatafuta mkono wa binadamu. Majitaka ndiyo yalikuwa mzimu wetu. Sisemi mji wetu ni msafi. Nasema mtuhumiwa wa zamani hurahisisha kazi mno.

Ukitazama Nakuru peke yake, takwimu zinaonyesha msiba. Uliza nasaba, na hadithi inageuka. Heroe wa spishi ndogo tunaowaona Nakuru si wenyeji wa Nakuru. Katika Afrika Mashariki hutagia Ziwa Natron, Tanzania, na huzurura kati ya Bogoria, Elmenteita na maziwa mengine ya magadi wakifuata mwani wanaoula. Mvua ilipozidi, magadi ya Nakuru yalizimuliwa, chakula kikapungua. Bogoria nalo lilipanda, ila lina kina kirefu na magadi yake yalibaki makali. Heroe wengi walikuwa wamehamia huko. Holmes angetupa kipimo cha chumvi, na tungekihitaji kweli. Lakini bila hesabu ya maziwa yote kwa majira mamoja, kipimo hicho kingekuwa ushahidi wa mauaji yasiyotokea.

Kuna mpelelezi wa tatu, asiye na kiko: Fisi wa ngano za utotoni. Alinusa nyama kwenye njia mbili, akataka zote, mguu huku mguu kule, akapasuka msamba. Nimeshika fomu za aina hiyo, zinazotaka kila kitu: ndege, ng'ombe, ua, watalii, takataka, rangi ya maji. Kufikia ukurasa wa tatu mwandishi anabuni majibu ili aende kunywa chai, na wa kumlaumu si yeye.

Januari iliyofuata tulipewa fomu ya ukurasa mmoja. Kisanduku cha kwanza, juu kabisa, kilikuwa cha saa. Mwenzangu, kijana wa mtaa wa Kaptembwo, alinikabidhi kalamu huku akicheka, akashika darubini, akaanza: kumi, ishirini, thelathini.